Nilijifanya Mutwa Mbele ya Watoto wa Chekechea

Nilikosa. Naanza hapo, msije mkahangaika kutafuta mahali pa kunihurumia. Shetani hakunipitia, pombe sikuwa nimekunywa. Ilikuwa asubuhi, niko mzima, nimevaa koti, nimesimama mlangoni mwa chekechea moja ya hapa Laeken, Brussels, nikiwa nimemshika binti yangu mkono.

Mimi ni mtu wa soko. Mwisho wa juma utanikuta Anderlecht, pale machinjioni, nauza vitenge, samaki wakavu na masanduku ya safari. Wateja wananijua. Mita yangu ya kitenge huona haya kufika mwisho. Siku moja nilimuuzia padri sanduku lenye magurudumu matatu, nikamwambia la nne ni la imani. Akacheka, akalipa, Mungu amsaidie huko viwanja vya ndege.

Hayo siyaungami. Hayo ni biashara!

Ninaloungama ni kwamba majira yale ya baridi niliuza kitu kisicho changu. Niliuza watu. Tulieni jamani, si kwa minyororo. Niliwauza kwa vichekesho, na wanunuzi walikuwa na miaka mitano.

Mke wangu anasafisha ofisi kule Schuman, kwa wakubwa wa Ulaya. Anatoka nyumbani kabla jogoo hajafikiri kuwika, kama Brussels ingekuwa na jogoo. Kwa hiyo mtoto nampeleka mimi. Nitamwita Neema, na jina hilo nimempa leo tu kwa ajili yenu.

Mwalimu wake nitamwita Madame Chantal. Mwanamke kijana, nywele fupi, amezoea kuchuchumaa ili aongee na watoto uso kwa uso, hata na wazazi anajisahau anapiga magoti. Asubuhi ile alinivuta pembeni, chini ya vitundikio vya makoti.

“Papa Neema, nina swali, nalo lina aibu kidogo.”

Aliniambia habari za babu yake. Mzee yule alikuwa msimamizi wa shamba la kwinini kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, zamani za wazungu. Sebuleni kwake kulikuwa na picha: yeye amesimama, na kando yake Mutwa mmoja, na mzee ameegemeza mkono wake juu ya kichwa cha yule Mutwa kama mtu anayeegemea meza.

“Kila Noeli tulikuwa tunaicheka picha ile,” akasema. “Hakuna aliyetufundisha kucheka. Tuliwakuta wakubwa wanacheka. Sitaki hawa wangu wakue hivyo. Nikiwangoja wafike miaka kumi nimechelewa. Nataka kumwalika Mutwa mwenyewe, aje awaambie habari zake kwa mdomo wake, na alipwe vizuri. Unamfahamu mtu?”

Kwa msomaji asiyetoka kwetu: Batwa ni wenye msitu, watu wa kimo kifupi. Walikuwepo kabla babu zetu hawajafika na majembe yao. Sisi tuliofika nyuma ndio tuliowageuza wao kuwa wageni. Na baadaye serikali ikaufunga msitu, wakabaki pembeni mwa mashamba yetu wakitulimia kwa malipo ya chakula.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Bon. Lakini kichwani mwangu lilipita jambo moja tu: huyo mtu atalipwa, na mimi ni mfupi.

“Madame,” nikasema, “unatafuta mbali. Uko unamwangalia.”

Akawa mwekundu. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniomba msamaha kwa ajili ya babu yake, kwa ajili ya picha, kwa ajili ya Noeli zote. Machozi yalikuwa karibu. Ndugu yangu, mtu akikuomba msamaha wa kosa usilotendewa, mrudishie. Mimi niliutia mfukoni!

Kisha nikaanza kujadili. Nikamwambia kwetu habari za msitu hazisemwi bila asali, na asali ina bei yake. Wala bila ngoma. Ngoma ilikuwa ya jirani yangu Mmoroko. Madame alikubali kila kitu bila kupunguza. Sokoni, mteja asiyejadili anatia hofu, unamwangalia mara mbili. Pale sikumwangalia hata mara moja.

Siku ikafika. Nilivaa sketi ya majani makavu niliyonunua kwenye duka la mavazi ya kanivali, juu ya suruali ya michezo, maana ilikuwa Februari na mimi si kichaa. Kibandiko cha sketi kilisema Hawaii. Nilikikata, nikahakikisha mara mbili kwamba kimetoka. Upinde ulikuwa fimbo ya pazia. Asali ilikuwa ya dukani, nikaimimina kwenye kibuyu.

Watoto walikuwa wamekaa chini kwa duara. Neema mbele kabisa, shingo ndefu kwa kujivuna. Niliwaambia kwamba tunalala juu ya miti kama ndege. Niliwaambia nilimwua tembo kwa kisu cha jikoni. Nikacheza ngoma niliyoitunga palepale, nikaanguka kwa makusudi. Walicheka hadi mmoja akapelekwa kubadilishwa suruali.

Madame Chantal hakucheka. Alingoja wanyamaze, akauliza lile swali alilokuwa amelitayarisha, ilionekana, kwa moyo wake wote.

“Papa Neema, na majirani wa kijijini, walikuwa wanaishi nanyi namna gani?”

Hapo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, nikasema ukweli. Heri ningebaki kwenye uongo wangu!

Niliwaonyesha. Kwenye meza kulikuwa na vikombe vya watoto, kila kimoja na picha yake, maana hawajui kusoma: huyu konokono, huyu jua, Neema ni mwavuli. Nilichukua cha konokono, nikampa mwenye konokono maji. “Kunywa, Mutwa!” Akanywa. Nikapiga yowe. Nikakishika kikombe kwa vidole viwili, pua nimeibana, nikakikimbiza hadi dirishani, mbali na vingine. Nikarudi nikafuta pale alipokuwa amekaa, nikifuta na kutema mate ya uongo. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mutwa hanywi kwenye kikombe chako. Akikalia kiti chako, unakiosha.

Lo, walivyocheka! “Tena! Na mimi! Na mimi!” Nikafanya na jua, nikafanya na samaki. Sijawahi kuwa na wateja kama wale.

“Na wewe,” akauliza Madame, sauti ndogo, “walipokufanyia hivyo, ulijisikiaje?”

Nilikuwa nimemwigiza mwanakijiji vizuri mno, nikasahau kwamba nilikuja pale kama Mutwa.

“Ni mila tu, Madame,” nikasema. Nikachukua bahasha yangu, nikaenda kumrudishia Mmoroko ngoma yake.

Nyumbani sikusema kitu. Mke wangu aliuliza tu mbona asali imeisha, nikamwambia kikohozi.

Zikapita siku. Jumapili moja, tumetoka kanisani, tumekaa kula. Mke wangu akamimina chai, akamsogezea mtoto.

“Neema, kunywa, itapoa.”

“Apana, maman. Mi kikombe yangu iko ku dirisha.”

“Dirisha gani?”

“Ya ku masomo. Banaweka yangu kule mbali. Juu mi niko Mutwa.”

Mke wangu akaweka birika chini, polepole.

“Nani alisema weye uko Mutwa?”

“Papa!” Na mtoto anacheka, maskini, anajivuna bado. “Papa alivaa majani, akaambia batoto yote. Akaonyesha vile banatupaka kikombe kule mbali. Alituchekesha sana, maman! Sasa kila siku banachezaka ile. Mi tu njo niko Mutwa. Bengine banakataa.”

Watoto wana akili ya moja kwa moja. Baba ni Mutwa, mtoto ni nini? Mimi peke yangu, mtu wa hesabu, sikuwa nimeifanya hesabu hiyo.

Nilijitayarisha kwa kelele. Nilishaandaa hata kisingizio. Lakini mke wangu alisema kitu nisichokitazamia.

“Donc, kumbe ulijua.”

“Nilijua nini?”

“Papa Neema, usinichezee. Ulijua tangu lini? Ni ule tonton wa kanisa, ule muzee alipokeaka mahari yangu, njo alikuambia?”

“Mama Neema, haki ya Mungu, sijue unasema nini.”

Alimtuma mtoto chumbani. Akakaa mbele yangu, mikono juu ya meza.

“Mama yangu,” akasema. “Mama yangu mimi ni Mutwa. Batu ya kwa baba balimukataa, balikataa na baba juu yake. Alikufa anakulaka peke yake ku sahani yake, ku nyumba ya shemeji zake. Nilikuficha juu nilikuwa nakusikia vile unachekaka na barafiki yako ya soko. Nilijiambia, bon, siku moja nitamuambia. Sasa weye umeenda kumuuza kwa batoto ya bazungu. Na sketi ya majani!”

Sasa sikilizeni vizuri, maana ungamo langu ni hapa. Ile sketi, ile bahasha, ule tembo wa kisu cha jikoni, hayo yote ni upuuzi wa mtu mjinga, ningeyalipa. Kosa ni hili.

Mbele yangu palikuwa na kikombe. Kikombe chetu cha chai, mimi na yeye, kikubwa, tunapokezana tangu tulipooana. Alipotamka neno lile, “Mutwa”, jicho langu lilienda kwenye kikombe.

Basi! Likaenda, likarudi. Mimi mwenyewe nisingelijua kama lilienda. Mimi ninayesema sina mambo hayo, mimi mkristo, mimi ninayekaa Ulaya!

“Nimekuona,” akasema mke wangu.

Hakulia. Hakufunga sanduku, ingawa masanduku kwetu hayakosekani. Kesho yake aliporudi kazini alikuja na kikombe kipya, cheupe, akakiweka mbele yangu.

“Hii ni yako.”

Tangu hapo nikawa mgeni wa heshima nyumbani kwangu. Sahani yangu peke yake. Kijiko changu peke yake. Nikisimama kutoka kwenye kiti, anakuja na kitambaa na ile sabuni kali ya ofisini, anakifuta, mgongo, miguu yote minne, kwa utulivu, kama anasafisha dawati la mkurugenzi. Nikimwambia, “Mama Neema, inatosha,” ananijibu bila hasira: “Ni mila tu.”

Mtoto alikuwa amemwambia hata maneno yangu ya mwisho!

Mwanzoni nilifikiri atachoka. Nimeshawachosha wanawake wa Anderlecht wanaojadili bei ya samaki kwa nusu saa kwenye mvua. Lakini huyu alikuwa hajadili. Na niwaambie, kikombe cheupe ni kitu kidogo, hakina uzito wowote, lakini nilipokishika nilikuwa natazama pembeni. Na chai ni ileile! Siku moja nilikaa sebuleni nimesimama. Ndiyo, nilikaa nimesimama, saa nzima, ili asipate kiti cha kufuta.

Nikaenda kwa Madame Chantal. Nikamwambia yote palepale chini ya makoti. Yeye alikuwa anajua nusu: kila siku alikuwa anarudisha kikombe cha mwavuli mezani, na kila mapumziko kinaruka tena hadi dirishani.

“Hawamchukii,” akasema. “Ni mchezo unaochekesha kuliko yote darasani. Nikiukataza wanaucheza uani.” Akaokota kofia ya mtoto iliyoanguka. “Na mimi nina langu. Nilitaka sana picha ya babu initoke machoni, nikamchukua Mutwa wa kwanza aliyejitokeza. Hata sikumuuliza anatoka kijiji gani.”

“Nitarudisha pesa, Madame.”

“Rudisha. Halafu?”

“Nitawaambia watoto kwamba ilikuwa mchezo tu.”

“Hilo wanalijua tayari, Papa Neema. Ndiyo maana wanaucheza.”

Nikajaribu kupunguza. Vipi nikiandika barua, aisome yeye? Vipi nikija siku mwenye mwavuli hayupo? Alitingisha kichwa tu. Kumbe mwanamke yule alijua kujadili, siku ile ya asali alikuwa hataki.

Basi nikasimama mbele ya duara, safari hii na suruali ya kanisani.

“Mimi si Mutwa,” nikasema. “Niliwadanganya. Sikuua tembo. Mimi natoka kwa wale wanaokitupa kikombe.”

Mwenye konokono akanyoosha kidole.

“Kwa nini mnakitupa?”

“Tulikuta wazee wanakitupa.”

“Kilikuwa kichafu?”

“Hapana.”

“Sasa kwa nini?”

“Sijui.”

“Wewe ni mkubwa na hujui?”

“Sijui.”

“Yule Mutwa alilia?”

Nikafikiria mwanamke anayekula peke yake kwenye nyumba ya shemeji zake. “Nafikiri alilia,” nikasema, “lakini hatukumtazama.”

Jamani, nimeshahojiwa na ofisi ya wageni hapa Brussels, nimeulizwa jina la mto wa kijiji changu na rangi ya mlango wa kanisa. Haikuwa kitu! Yule wa ofisini ukimjibu anaandika, anaendelea. Mtoto wa miaka mitano anarudi palepale.

Kisha Neema akasimama. Hakuwa anajivuna tena.

“Na mimi, papa? Mi niko Mutwa ao hapana?”

Nikisema hapana, nimemzika bibi yake mara ya pili. Nikisema ndiyo, nimetoa tena siri isiyo yangu, na safari hii bila hata bahasha. Nilisimama pale kama sanduku lililovunjika zipu.

“Nitamuuliza mama,” nikasema.

Wakacheka kidogo. Nikawaacha wacheke. Hiyo ilikuwa haki yao.

Jioni nilimngoja mke wangu avue viatu. Sikukaa.

“Mama Neema, mutoto ameniuliza kama yeye ni Mutwa. Sikujibu. Haiko yangu ya kujibu.” Akanitazama. Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaongeza: “Maman yako, jina yake ilikuwa nani?”

Akacheka. Kicheko kikavu, cha sokoni, nadhani alikipata kwangu.

“Ulijadili mahari na tonton mpaka akatoka jasho ku koti. Uliuliza bei ya mbuzi, uliuliza kama mbuzi inaweza kuwa ya nusu. Jina ya mama yangu hukuuliza ata siku moja. Na leo unataka nikupe bure?”

“Sema bei.”

Naapa, lilinitoka tu! Mazoea! Aliniangalia kama unavyoangalia nyanya iliyooza, akaenda kuoga.

Lakini Ijumaa ile hakwenda Schuman. Alivaa kitenge chake cha harusi, akafunga kilemba, akachukua kikapu kilichofunikwa kitambaa. Nilimbebea kikapu hadi shuleni. Mlangoni mwa darasa akakipokea.

“Weye utabaki huku.”

“Mama Neema, nisimame nyuma tu, sitasema kitu.”

“Bale batoto beko na masikio mazuri kuliko yako. Bakia huku.”

Mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi la watoto chini ya makoti yao, magoti yangu karibu na masikio. Nikasikia sauti yake, chini, mfululizo. Maneno sikuyapata. Nikasikia kimya, kimya ambacho mimi na tembo wangu hatukukipata. Kisha akaimba kitu, wimbo ambao hajawahi kuuimba nyumbani kwangu. Kisha wakacheka, wote, na yeye akiwemo. Niliinuka, nikabandika sikio mlangoni kama mwizi, na bado sikujua wanacheka nini.

Alipotoka kikapu kilikuwa kitupu. Alinipa nibebe.

Nilimuuliza Neema njiani. Akasema, “Maman alisema ni ya bale balikuwa ndani.” Nikamnunulia chokoleti. Akala. Nikauliza tena. “Ni ya bale balikuwa ndani.” Nikaongeza ya pili, kubwa, yenye karanga. Akala na hiyo! Mtoto wangu kweli, alichukua malipo hakutoa mzigo. Nikaenda kwa Madame Chantal. “Pole, Papa Neema,” akasema, na safari hii hakuchuchumaa. Mpaka mwenye konokono nilimkuta uani, nikajaribu. Aliniambia, “Wewe ulikuwa nje.”

Kikombe cha mwavuli sasa kinakaa mezani na vingine, nimechungulia mwenyewe, mara mbili. Binti yangu ukimuuliza yeye ni nani, anakujibu yeye ni Mutwa wa bibi yake, na anakuambia jina la bibi, kama una adabu. Mimi ameambiwa asiniambie bado. Kiti changu hakifutwi tena tangu wiki iliyopita. Sijui kama nimesamehewa ama sabuni imeisha. Naogopa kuuliza.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya huku unatabasamu, wewe wa Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa mjini, unayemwita mwenzako Mutwa kwa kumtania akikosa hela ya bia, wewe unayesema hayo ni mambo ya kijijini, sisi tumeshavuka: nyamaza kwanza, uwaulize wa nyumbani kwako majina ya mama zao. Waulize mapema, kabla hujawachekesha watoto. Nami nilikuwa nasema nimevuka. Nilivuka bahari, nilivuka mipaka na makaratasi yangu yote yakiwa sawa.

Mdomo unaweza kuomba msamaha, wangu umeomba mpaka umekauka. Lakini jicho hukwenda kabla hujalituma. Langu lilikwenda mara moja tu, na mpaka leo, kila mke wangu akinipa kitu, analitazama kwanza aone linakwenda wapi.